Neno "uchafu" kwenye kadi ya kliniki: kisa cha mama mwenye mimba ya wiki 30

Kabla ya kuanza

Kisa hiki kilitokea kwenye kituo cha afya nilichofanyia kazi kama muuguzi mkunga, katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania. Jina la mama, la kituo, mwaka na kila kinachoweza kumtambulisha nimeviondoa. Nitamwita Z. Kosa la kwanza ni langu, na liko kwenye kadi yake kwa mwandiko wangu, kwa hiyo sitajificha nyuma ya "mtoa huduma".

Nimekiandika kwa ajili ya wauguzi, wakunga na wanaouza dawa madukani, lakini mjamzito yeyote akikisoma ataelewa. Maneno ya kitaalamu nimeyapunguza kadiri nilivyoweza.

Usuli

Z. alikuwa na miaka 23, mimba ya pili. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa njia ya kawaida, mimba ikiwa imetimia. Alikuwa akiishi kwa mama mkwe, mume anafanya kazi mbali na hurudi kila baada ya wiki mbili tatu. Kliniki alianza mimba ikiwa na wiki 11, jambo ambalo kwetu halikuwa la kila siku, maana wengi huja tumbo limeshaonekana. Siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho aliikumbuka barabara kwa sababu iliangukia kwenye harusi ya wifi yake, na ultrasaundi ya wiki 13 ililingana nayo. Ishike hiyo, kuna mahali itatuokoa. Vipimo vya VVU, kaswende, malaria, mkojo na wingi wa damu vyote vilikuwa vizuri.

Wiki ya 18: "Nesi, nachafuka sana"

Hayo ndiyo maneno yake. Ilikuwa siku ya kliniki, foleni imefika nje kwenye mwembe. Niliandika kwenye kadi "uchafu ukeni", nikampa klotrimazoli, dawa ya fangasi, vidonge vya kuweka ukeni usiku kwa siku sita, nikaita mwingine. Hakupanda kitandani. Kama nilimuuliza kunawasha au hakuwashi, kadi haisemi na mimi sikumbuki.

Miezi mitatu baadaye, akiwa amelazwa, nilikaa naye tukairudia siku ile taratibu. Ule uchafu ulikuwaje? "Mweupe, mwepesi, kama maji ya mchele. Chupi inalowa, ikikauka inabaki alama ya njano kwa mbali." Uliwasha? "Hapana." Ulinuka? "Hapana, ila ulikuwa mwingi. Mimba ya kwanza sikuwa hivi."

Alikuwa mzima. Ule ulikuwa ute wa kawaida wa mimba.

Nyumbani, kati ya wiki ya 18 na ya 22

Dawa iliisha, "uchafu" haukuisha, na usingeweza kuisha. Mama mkwe akaingia kazini. Alichemsha maji, akatia chumvi, akamwelekeza Z. ajisafishe kwa ndani kwa kidole asubuhi na jioni. Wiki iliyofuata ikaongezwa shabu. Sina neno baya la kusema juu ya mama huyu. Nesi alishaandika kwamba kuna uchafu, na tangu alipozaliwa amefundishwa kwamba uchafu huoshwa.

Wiki ya 22: dukani

Sasa kulianza kuwasha kweli, na mkojo ukipita unachoma. Z. alikwenda duka la dawa la jirani akasema ana "uchafu na muwasho". Alipewa antibiotiki ya siku tano, na kapsuli moja ya flukonazoli, dawa ya fangasi ya kumeza. Muuzaji hakuuliza kama ni mjamzito. Z. alikuwa amevaa dera, na ndani ya dera tumbo la wiki 22 halionekani. Baada ya siku chache hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo: uke umevimba, mwekundu, ukitoa vitu vizito vyeupe kama maziwa mgando.

Wiki ya 24: barua

Alirudi kituoni, akampata mwenzangu. Mwenzangu alifuata mwongozo wa kutibu dalili pale ambapo hakuna maabara: kwenye "kutokwa uchafu ukeni" alimpa dawa za kisonono na klamidia, metronidazoli, klotrimazoli, na barua ya kumwita mwenza aje atibiwe. Spekula, kile kifaa cha kufungulia uke ili kuona ndani, ilikuwa kabatini, imechemshwa, haikutoka.

Muwasho uliisha ndani ya siku nne. Kilichobaki kilikuwa ile barua. Mume alipoisoma aliuliza swali ambalo mume yeyote angeuliza: ugonjwa wa zinaa umetoka wapi, mimi nipo safarini? Wazee wa pande mbili waliitwa. Yakatulizwa, lakini mume alikataa kabisa kuja kutibiwa, na Z. akajifunza kwamba ukilitaja jambo hili kliniki unarudi nyumbani na kesi. Hudhurio la wiki ya 26 hakuja.

Wiki ya 30: benchi

Usiku wa kuamkia Jumamosi, kama saa tisa, Z. aliamka kanga aliyolalia imelowa. Alidhani amejikojolea, akaona aibu, akaifua kabla hakujakucha. Kutwa nzima maji yakawa yanatoka kidogo kidogo, akisimama yanazidi, akilala yanatulia, akikohoa yanachuruzika. Alimwambia mama mkwe, naye akajibu: "Uchafu umezidi, Jumatatu si una kliniki?" Hawakujua wote wawili kwamba wodi ya wazazi ipo wazi usiku na mchana, Jumamosi na Jumapili, na kwamba mjamzito hahitaji kuwa na uchungu ili apokelewe.

Jumatatu alikuja akapanga foleni kama wenzake. Wa kwanza kuona alikuwa mwanafunzi wa ukunga aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Z. aliposimama kusogea nafasi mbele, kwenye ubao wa benchi kulibaki duara lililolowa, na nyuma ya kanga doa jeusi la maji linafika magotini. Mwanafunzi alisogea, akainama kama anayeokota kalamu, akaja kunong'ona: "Dada, mama wa pale kalowa, na hainuki mkojo."

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kutoka saa tisa ya usiku wa Jumamosi zilikuwa zimepita saa 56.

Tulivyoamua siku ile, na sababu zake

Tulimtoa kwenye foleni, tukamwingiza chumba cha pembeni. Mwanafunzi alimuuliza swali zuri kuliko maswali yote yaliyomo kwenye kadi ile: "Mama, kinachotoka ukikishika kinateleza kama ute, au ni maji matupu?" Z. alifikiri kidogo. "Maji matupu."

Hapo wazo la kwanza likawa chupa, yaani mfuko wa maji ya uzazi, kupasuka kabla ya wakati. Hatukumpima kwa vidole. Mtu wa nje anaweza kushangaa mkunga aache kupima njia, lakini kila kidole kinachoingia kinasukuma vijidudu juu kuelekea kwenye mlango wa kizazi, na chupa ikishafunguka hakuna tena cha kuvizuia. Mama ambaye hana uchungu hapimwi kwa vidole.

Tulimpa pedi safi kavu na kumwambia atembee kwenye veranda kwa nusu saa. Aliporudi tuliiweka pedi kwenye trei jeupe karibu na dirisha. Ilikuwa imejaa na nzito. Maji yake hayakuwa na rangi, isipokuwa vipande vidogo vyeupe kama chembe za sabuni iliyoyeyuka vibaya. Hayo ni mafuta ya ngozi ya mtoto. Hayakuwa ya kijani, na ungeona kijani ungejua mtoto amejisaidia tumboni. Harufu ilikuwa nyepesi, ya namna yake, mbali kabisa na mkojo. Hakukuwa na uvundo.

Kisha spekula, iliyosafishwa na kuuliwa vijidudu, kwa glavu za upasuaji. Tulimwomba akohoe. Maji yalitoka kwenye mlango wa kizazi, yakateremka, yakatuama chini ya ncha ya spekula. Jibu lilikuwa limepatikana. Karatasi ya kupima uasidi hatukuwa nayo. Mtu mmoja alipendekeza tutumie kile kisanduku cha uasidi kwenye kijiti cha kupimia mkojo. Nilikataa, kwa sababu tulishaona kwa macho, na kipimo hicho hudanganywa na damu, shahawa na hata maambukizi.

Joto 37.2, mapigo ya moyo 92, mapigo ya mtoto 148, tumbo laini lisilouma likibonyezwa, hakuna uchungu, malaria hakuna. Kwa maneno mengine hapakuwa na dalili kwamba maambukizi yameshaingia ndani. Nilipiga simu kwa daktari wa zamu hospitali yenye wodi ya watoto njiti. Alitaka kujua mambo matatu: wiki ngapi na una uhakika kiasi gani, ana homa, ana uchungu. Ile harusi ya wifi na ile ultrasaundi ya wiki 13 ndivyo vilivyomfanya aseme mara moja: mpe deksamethasoni sasa hivi, usisubiri afike.

Tukampa miligramu 6 kwenye msuli. Zinahitajika dozi nne, moja kila baada ya saa 12, na kazi yake ni kukomaza mapafu ya mtoto aliyemo tumboni. Tukaanza erithromaisini, miligramu 250, mara nne kwa siku, itakayokwenda siku kumi. Antibiotiki tuliyokuwa nayo kwa wingi zaidi ilikuwa amoksilini iliyochanganywa na klavulanati, na mkono ulitaka kwenda huko. Kwa mama aliyepasukwa chupa kabla ya wakati dawa hiyo haishauriwi, kwa sababu imehusishwa na ugonjwa mbaya wa utumbo kwa mtoto njiti. Dawa ya kuzuia uchungu hatukumpa, uchungu haukuwepo.

Gari la wagonjwa lilichukua saa mbili na nusu kufika. Ndiyo maana ile dozi ya kwanza ilipaswa kutolewa kwetu.

Matokeo

Hospitali walithibitisha kwa ultrasaundi kwamba maji yamepungua. Z. alilazwa, akapimwa joto na mapigo mara kadhaa kwa siku, akabadilisha pedi na kuionyesha kila zamu. Siku ya 12 uchungu ulianza wenyewe. Mimba ilikuwa haijafika wiki 32, kwa hiyo alipewa magnesiamu salfeti kulinda ubongo wa mtoto. Alizaliwa msichana, gramu 1,640, akalia. Alisaidiwa kupumua kwa hewa ya puani kwa siku mbili, kisha akawekwa kifuani kwa mama kwa matunzo ya kangaruu. Waliruhusiwa akiwa na gramu 1,920. Z. hakupata homa wakati wowote.

Uchambuzi: neno moja, vitu vitatu

Ukisoma kadi ya Z. kutoka juu hadi chini utakuta "uchafu" wiki ya 18 na "uchafu" wiki ya 24, na nyumbani uliendelea kuitwa hivyo hadi wiki ya 30. Anayesoma atadhani ni tatizo moja sugu lisilosikia dawa. Vilikuwa vitu vitatu visivyohusiana kwa sura: ute wa kawaida, kisha fangasi, kisha maji ya uzazi.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kuvitenganisha. Tuna ute, tuna majimaji, tuna usaha, tuna maji, tuna ute wa damu. Lakini mama akifika mbele ya nesi anaona haya, analichukua neno moja linalofunika yote, na sisi tunalipokea kwa furaha kwa sababu linaingia kwenye kisanduku cha fomu. Na ni neno lenye hukumu ndani yake. Ukishaambiwa una uchafu, unajiosha. Ukishaandika uchafu, unatibu. Hakuna anayeona haja ya kutazama.

Ute wa kawaida huongezeka kwenye mimba kwa sababu homoni ya estrojeni iko juu na damu inayokwenda ukeni ni nyingi kuliko zamani. Ni mweupe au hauna rangi, mwepesi au kama maziwa yaliyotiwa maji, hauwashi, hauchomi, na harufu yake ni kidogo. Unaweza kuwa mwingi hadi mama akahitaji pedi nyembamba, na bado ukawa wa kawaida. Unazidi mimba inavyokua. Kazi yake ni kulinda njia. Mwishoni kabisa, karibu na kujifungua, hutoka ute mzito wenye michirizi ya damu, ule uliokuwa umeziba mlango wa kizazi. Ukitoka kabla ya wiki 37 ni wa kukimbilia wodini, hata kama hauumi.

Fangasi hujitambulisha kwa muwasho. Mgando mweupe mzito, uke umekasirika, mara nyingi hakuna harufu kali. Bakteria wa ukeni wakivurugika huja majimaji ya kijivu yenye harufu ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, na muwasho hauko mbele. Trikomona, kijidudu cha ugonjwa wa zinaa, huleta majimaji ya njano au kijani yenye povu. Usaha wa njano, maumivu chini ya kitovu, au damu baada ya tendo hutupeleka kwenye kisonono na klamidia, ambazo zisipotibiwa humpata mtoto machoni wakati wa kuzaliwa. Maelezo haya hayatoshi kutoa hukumu bila kumtazama mama, kwa kuwa magonjwa hupenda kuja mawili pamoja. Yanatosha tu kukuonyesha kwamba "uchafu" si jibu.

Jinsi tulivyomtengenezea ugonjwa

Wiki ya 18 hakuwa na fangasi. Wiki ya 22 alikuwa nao. Katikati kuna mkono wa kila mmoja wetu.

Uke wenye afya una bakteria wazuri wanaotengeneza asidi, na hiyo asidi, kati ya 3.8 na 4.5 kwenye kipimo, ndiyo askari wa mlangoni. Maji ya chumvi, sabuni, ndimu na shabu vyote huwaondoa askari hao au huchubua ngozi. Nje paoshwe kwa maji matupu, ndani pasiguswe. Kisha ikaja antibiotiki ya dukani ikawamaliza waliobaki. Fangasi haiuawi na antibiotiki ya bakteria, huwa inashangilia. Na mimba yenyewe, hata bila kusaidiwa na mtu, humfanya mwanamke apate fangasi kwa urahisi zaidi.

Flukonazoli ya kumeza ni kosa la aina nyingine. Kwa mjamzito fangasi ya ukeni hutibiwa kwa dawa ya kuweka, klotrimazoli, na dozi ya siku sita au saba inafaa kuliko ya siku moja. Dawa ya kumeza huepukwa. Siwezi kusema kapsuli ile moja ilimdhuru mtoto wa Z.; hakuna kilichoonekana. Ninachoweza kusema ni kwamba swali la "una mimba?" lina maneno mawili, na dera si kisingizio.

Ile barua

Mwenzangu hakukosea mwongozo. Mahali pasipo na darubini, kutibu kwa dalili kumeokoa watu wengi, hasa kwenye vidonda na kwa wanaume wanaotoka usaha. Udhaifu wake unajulikana, na uko hapahapa: kwa mwanamke, kutokwa na majimaji ukeni ni dalili mbovu ya kisonono na klamidia. Wengi wanaotokwa hawana, na wengi wenye nazo hawatokwi na kitu.

Mama aliyekuja na mgando mweupe na muwasho, aliyetoka kumeza antibiotiki wiki mbili nyuma, alihitaji klotrimazoli na mazungumzo. Tungemuuliza alichotumia, tungejua. Tungeweka spekula, tungeona. Badala yake alipewa jina la ugonjwa wa zinaa ambao haukupimwa, na jina hilo likaandikiwa barua, barua ikapewa mume. Mimi naamini, na wenzangu wengine hawakubaliani nami, kwamba barua ile ndiyo iliyotugharimu zile saa 56. Z. mwenyewe alisema Jumamosi aliwaza kuja, kisha akawaza: wataandika tena.

Upande wa pili wa hoja hii ni mzito pia. Bakteria wa ukeni wakivurugika huhusishwa na chupa kupasuka mapema na kuzaa kabla ya wakati. Inawezekana mama huyu alikuwa na hali hiyo na metronidazoli ya wiki ya 24 ikamsaidia. Inawezekana maji ya chumvi na shabu yalichangia kuileta. Hakuna aliyechukua hata tone likawekwa chini ya darubini, kwa hiyo kisa hiki hakiwezi kutumika kudai kwamba tunajua kilichopasua chupa ile. Mara nyingi haipatikani sababu.

Kilichokwenda vizuri

Mwanafunzi. Alitazama benchi. Aliyefundishwa kujaza fomu peke yake asingeliona lile duara.

Pedi na nusu saa ya kutembea. Haigharimu kitu, na zahanati yoyote inaweza. Mkojo huja kwa mkupuo, una rangi na harufu yake, na mama anaweza kuubana. Ute huteleza na kubaki juu ya pedi. Maji ya uzazi hunywewa na pedi, hayabaniki, na yanarudi baada ya kubadilisha.

Kutoingiza vidole. Hospitali walitushukuru kwa hilo kabla ya lolote lingine, na siku 12 ambazo mtoto alizipata tumboni sidhani zingepatikana kama tungempima "tuone njia".

Umri wa mimba. Deksamethasoni hutolewa kati ya wiki 24 na 34, mimba ikiwa na hatari ya kuzaliwa karibuni, na mahali ambapo mama na mtoto watapata uangalizi. Ukikosea umri wa mimba unampa asiyehitaji. Kwa muda mrefu palikuwa na wasiwasi kama sindano hizi zina faida kwenye nchi zenye uwezo mdogo, hadi utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2020, uliofanyika nchi tano ikiwemo Kenya, ulipoonyesha vifo vichache vya vichanga kwa akina mama waliopewa. Sharti likawa lilelile: uhakika wa wiki, hakuna maambukizi, na hospitali ya kumpokea. Z. alikuwa na yote matatu, na mawili kati yake yalitokana na kuanza kliniki mapema na simu iliyopokelewa.

Tulichobadilisha

Neno "uchafu" halikatazwi kusemwa na mama, linakatazwa kuandikwa na sisi. Anayeliandika anaulizwa: rangi gani, mzito au maji, unawasha, unanuka nini, ulianza lini, umetumia nini. Mstari wa mwisho ndio unaofichua mengi, kwa sharti uulize bila kukunja uso. Nimeshatajiwa shabu, magadi, siki, mafusho ya udi na dawa ya meno.

Asubuhi ya kliniki, kabla ya kupima uzito, tunaweka mezani vitambaa vitatu vyeupe. Kimoja kimepakwa maji ya mchele, kimoja maziwa mgando, kimoja kimemwagiwa maji. Akina mama hucheka sana, hasa kwenye maziwa mgando, na kicheko kinafungua midomo. Tunakiinua cha tatu, kinachuruzika sakafuni, tunasema: hiki, hata kama ni usiku wa manane, hata kama hakiumi, hata kama ni sikukuu, njoo wodi ya wazazi. Hivyo hivyo damu, maji ya kijani, homa, na mtoto kupunguza kucheza.

Barua ya mwenza haitoki tena bila spekula kutumika kwanza na mama kuelezwa kinachodhaniwa na kiasi cha uhakika tulicho nacho. Hapa bado tunavutana. Siku zenye foleni ndefu spekula inabaki kabatini, na wapo wanaosema ninapoteza wagonjwa wa kweli kwa kuogopa ugomvi wa ndoa.

Hudhurio la baadaye

Z. aliporudi kumpima mtoto uzito alikuja na mama mkwe. Mtoto alikuwa amefika kilo tatu na ushei. Nikawaonyesha vile vitambaa vitatu, kwa kuwa walikuwa hawajaviona. Mama mkwe alikishika cha tatu, akakiminya, maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Na haya, nesi, harufu yake ikoje?"

Nilifungua mdomo nijibu, Z. akaniwahi. "Mama, si ndiyo ile uliyoinusa kwenye kanga yangu Jumamosi, ukaniuliza nimeifulia sabuni gani?"

Bibi alikirudisha kitambaa mezani, akafuta mkono kwenye kanga, akaomba ampakate mjukuu.